Kanzu za Baba Shambani Hail

Tangu siku ile nnakwepa msikiti wa mtaani.

Kule Pemba, marehemu baba alikuwa akiwahadaa mabata mwitu kwa kanzu kuukuu, wazidhanie wenzao. Anazijaza majani makavu, anazipanga bondeni kwenye mpunga zikikabili upepo, kisha tunalala chini, mie nikimsikia akizuia kikohozi.

Majuzi mabata bukini walipotua hapa ugenini Hail, nikatamani asubuhi moja kama zile, japo ya kupiga picha tu. Nikazitoa sandukuni kanzu zake mwenyewe, nikazijaza, nikazipanga safu mbili katika shamba la majani ya mbuzi. Alfajiri ile upepo ulivuma kutoka upande wa kibla, na safu zikaelekea huko. Nikajilaza kifudifudi mbele ya safu, nimejifunika shuka nyeupe, kamera kifuani.

Mara nyuma yangu: "Subhanallah!"

Ndivyo anavyozinduliwa imamu aliyesahau. Nikajikausha.

"Subhanallah!" Sasa kwa ukali.

Nikageuka. Ami Seif, jirani yetu, yumo katika safu ya kwanza, kasujudu, anangoja niinuke.

Nikainuka. Upepo nao ukaiinua kanzu ya baba iliyokuwa bega kwa bega naye, ikaenda zake bila ya kutoa salamu.