Neno la Siri la Kitabu cha Mzee Pitia

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha kompyuta yake, Anti Shallon alitoa mswaki mkuukuu kwenye mkoba akasugua vumbi katikati ya herufi, taratibu, kama anayemwosha mtoto meno. Kompyuta ya Daphine ilikuwa pale pale pembeni. Hiyo hakuigusa.

Duka ni la baba yangu, Gaetano, hapa mtaa wa Atlabara, karibu na chuo kikuu. Tunapiga chapa, tunatoa fotokopi. Mimi shule niliachia darasa la nne, lakini macho ninayo. Anti alipiga chapa peke yake miaka sita. Alipokuja Daphine kutoka Gulu, mdogo, vidole mbio, wanafunzi wote walihamia kwake. Anti aliongeza tu sauti ya redio.

Mmoja hakuhama: Mzee Pitia, katekista aliyerudi kutoka ukimbizini Uganda. Kila Jumanne na Ijumaa aliketi akataja watu wa ukoo wake, nani alimzaa nani, nani alizikwa kambi gani, na Anti akapiga. Daftari hakuwa nalo, na wazee waliompa majina hayo wengi wamekufa. Zilifika kurasa mia moja na kumi na mbili. Anti alikiita "kitabu yetu."

Halafu Anti akashikwa na malaria, Ijumaa moja Mzee akakaa na Daphine. Walicheka sana siku hiyo. Anti aliporudi alikuta kurasa nne mpya. Alizisoma mara mbili akitafuta kosa, hakulipata. Hapo hapo akakifunga kitabu kwa neno la siri. Baba alipouliza, alijibu kwamba kazi ya mtu lazima ilindwe.

Wiki mbili baadaye umeme ulikatika Anti akiwa anasevu. Uliporudi, faili ilikataa kufunguka. Kompyuta ilisema imeharibika. Alijaribu kuirekebisha mara tatu, nne, wapi. Mzee alivua kofia.

"Wamepotea tena?" aliuliza.

Baba akamwita Daphine. Anti alimpisha kiti kama mke mkubwa anayempisha mke mdogo jikoni.

Daphine kwanza aliinakili ile faili mbovu kwenye flashi, isije ikaharibika zaidi. Kisha akaonyesha faili nyingine kando yake. Wiki yake ya kwanza alizipanga kompyuta zote za duka ziwe zinaacha nakala ya akiba kila mtu anaposevu. Anti wakati ule alisema ni takataka za kujaza mashine. Daphine akaibonyeza nakala, ikadai neno la siri. Anti akainama, akaliandika mwenyewe, tukaona vidoti vyeusi tu. Kitabu kikafunguka. Ilipungua mistari michache ya asubuhi ile.

Mzee alimshika Daphine mkono, akamwita "binti yangu." Wengine walitazama kitabu. Mimi nilimtazama Anti.

"Sasa hiyo paswadi niandikie kwa karatasi," Mzee akasema. "Nyumba ni yangu, namna gani ufunguo sina?"

Anti akasema haraka kwamba ataliondoa, au ataweka jingine, zuri zaidi. Mzee akakataa. Kiwanja chake kilipotea kwa karatasi iliyobadilishwa yeye akiwa Uganda.

"Hapana, mwanangu. Usibadilishe kitu. Wewe taja, Daphine ataandika."

Anti alimtazama baba. Baba akampa Daphine kalamu.

Akataja herufi moja moja, sauti ikishuka. D. A. P. H. Hapo kalamu ikasimama.

"Endelea," akasema Mzee, ambaye hakuona kitu.

Daphine aliandika mpaka mwisho. Mzee akasema miwani ameacha nyumbani, asomewe.

"Daphine asiguse," Daphine akasoma.

Baba alikohoa.

"Anti," Daphine akasema polepole, "mimi Mzee wako sikumtaka."

Mzee alikunja karatasi, akaitia mfuko wa shati. Anti akachukua mkoba, akaniambia anaenda kununua maji. Maji tunayo, friji iko mlangoni. Nilimfuata kwa macho. Alivuka barabara, akapita wauza maji wote watatu, akashika njia ya kwake, Hai Mauna. Hakurudi.