Mama Picha Anasubiri Umeme Ukatike

Mtaani kwetu umeme ukikatika watu husonya, na ukirudi watoto hushangilia kama timu yao imefunga bao. Kwa Mama Picha mambo yalikuwa kinyume. Giza likiingia ghafla ungesikia mlango wake wa uani ukigonga ukuta kwa haraka. Taa zikirudi, ungemsikia akisonya peke yake. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba mama wa watu ameanza kuchanganyikiwa. Mtaa wetu hauchelewi kumpa mtu ugonjwa.

Huyu mama alikuwa na studio ya picha karibu na stendi tangu sisi tukiwa na meno ya utoto. Picha za vitambulisho vyetu alipiga yeye, za harusi zetu yeye. Alikuwa mkali. Ukikaa upande, alikushika kidevu akakunyoosha kama anapanga sahani kabatini. Alipostaafu alimwachia studio mwanafunzi wake wa zamani, ambaye siku hizi ana kitambi na wake wawili wa kuwalisha. Tunamwita Mkato, kwa jinsi anavyokata picha za paspoti kwa mkasi bila kupima. Mume wa Mama Picha alishafariki. Mwanawe wa pekee anaishi mji mwingine, na hupiga simu kuuliza kama mama amekunywa dawa. Akijibiwa ndiyo, maongezi yameisha.

Kilichompeleka uani usiku ni kaka yake. Ujanani, wawili hao walikuwa wakilala chali kwenye mkeka na kamera ya kuazima, wakipiga picha nyota. Kaka ndiye aliyemfundisha kushika kamera. Halafu akaenda kufanya kazi nchi za kaskazini, akazeekea huko, na Mama Picha akaacha mambo ya nyota kwa sababu hakuwa tena na wa kumwonyesha. Sasa kaka alikuwa amepiga simu kusema macho yake yanafunga, anapofuka. Daktari hakumficha: kinachopotea hakirudi.

"Unajua nimekumbuka nini, mdogo wangu?" alimwambia. "Zile nyota nne za kusini, zilizokaa msalaba. Huku hazionekani, hata ukipanda juu ya paa. Ningeziona mara moja tu kabla hayajafunga kabisa, basi, roho yangu ingetulia."

Mama Picha hakulia kwenye simu. Alimuaga, akainama kuvuta sanduku chini ya kitanda.

Kamera ilikuwa ya kidijitali, lakini ya zile za mwanzomwanzo, nzito kama pasi ya mkaa. Lenzi ilikuwa imeota ukungu pembeni. Mguu mmoja wa stendi ya kamera ulikuwa umevunjika, akaufunga kwa mpira wa baiskeli. Akibonyeza kitufe kwa kidole, kamera nzima ilitikisika, kwa hiyo alitumia ile saa ya kujipiga picha mwenyewe: anabonyeza, anarudi nyuma, anabana pumzi kama vile nyota zitamsikia, na kamera inajifyatua yenyewe.

Picha za kwanza zilikuwa kichekesho. Nyota zilitoka ndefu kama punje za mchele, maana aliacha lenzi wazi muda mrefu na anga halikumsubiri. Nyingine ilitoka ukungu mtupu kwa sababu ya umande kwenye kioo. Nyingine paka alijikuna kwenye stendi. Lakini adui mkubwa alikuwa taa ya barabarani, iliyosimama upande uleule wa kusini na kulifanya anga lote kuwa rangi ya chai ya maziwa. Ndiyo maana alisubiri umeme ukatike. Usiku ambao haukukatika alikaa tu kwenye kiti cha plastiki, kamera mapajani. Alinisimulia baadaye kwamba si baridi iliyomchosha. Kila alipopata picha yenye afadhali aligeuka kusema "Tazama!", na nyuma yake kulikuwa na kamba ya nguo tu.

Kisha transfoma ikalipuka. Mtaa mzima ulilaani, simu zikaishiwa chaji, nyama zikaanza kuyeyuka kwenye friji. Mama Picha alitoka na khanga mabegani, akapangusa lenzi, akapiga. Alipotazama kwenye kioo kidogo cha kamera aliziona: nne, zimekaa msalaba, na zile mbili kali pembeni, na vumbi la nyota ndogondogo limetapakaa nyuma yake. Hapo ndipo alipolia.

Kadi ya kamera ile haikuingia kwenye kifaa chochote cha siku hizi, isipokuwa kompyuta kuukuu ya studio. Asubuhi akampelekea Mkato, ambaye alikuwa akifanya kazi kwa jenereta.

"Ya mwisho kabisa," akamwambia. "Mtumie kaka yangu kwenye simu, na mimi nisafishie moja kubwa ya karatasi."

"Picha ya nini, Mama?"

Angesema nyota. Lakini alijua mtaa unavyomsema, na foleni ya watu wa paspoti ilikuwa imetega masikio. "Ya uani kwangu, usiku," akajibu, akaondoka.

Jioni akampigia kaka. "Umepata kitu kwenye simu?"

"Nimepata. Ninayo hapa mkononi."

"Umeziona?"

"Nimeziona, mdogo wangu. Zimetoka safi! Zote nne. Wewe bado ni fundi."

"Na zile mbili kali za pembeni?"

"Hata hizo. Kila kitu kipo. Mungu akubariki."

Usiku ule Mama Picha alilala usingizi wa mtoto. Hata umeme uliporudi hakusonya.

Kesho yake akaenda kuchukua ya kwake. Mkato alimpa bahasha kwa mikono miwili, uso umejaa fahari. Ndani kulikuwa na karatasi kubwa, inayong'aa, nyeusi tii kutoka kona hadi kona.

"Hii nini?"

"Mama, ilikuwa imejaa vumbi! Madoa meupe kila mahali. Nimekesha nikiyafuta moja moja. Si ulitufundisha mwenyewe, picha yenye doa haitoki studio hii?"

Ni kweli aliwafundisha hivyo, na waliokosea aliwafinya masikio. Alitafuta tusi la kumtosha Mkato. Kabla hajalipata, likamjia jambo jingine.

"Kaka yangu ulimtumia ipi?"

"Hiyohiyo, Mama. Ningemtumiaje mgeni picha ya vumbi?"

Mama Picha akakaa kwenye kile kiti cha wateja, mbele ya pazia la bluu. Kaka yake alikuwa ameshika simu yenye giza tupu, akamsifia nyota moja baada ya nyingine. Kwa hiyo macho yalishafunga, pengine kabla hata yeye hajatoa kamera kwenye sanduku, na yeye amekuwa akiambiwa anachotaka kusikia. Aliumia kwamba amechelewa, na aliumia zaidi kwamba kaka yuko gizani peke yake na bado anamtunza yeye.

Mkato alishaelewa kwamba ameharibu. "Ile ya mwanzo ipo, Mama. Nimtumie sasa hivi?"

"Acha," akasema. "Niwekee mimi kwenye karatasi."

Akatoka na picha ya mwanzo chini ya kwapa. Hakusubiri kufika nyumbani. Alisimama nyuma ya studio, kwenye kivuli cha ukuta, akapiga simu.

"Kaka, ninayo mbele yangu hapa. Nataka tuiangalie pamoja, kama zamani. Mimi nitasema, wewe utasikiliza."

Akaiegemeza picha ukutani, akaisogelea.

"Tuanze na ipi?" akauliza.

"Anza na ile ya chini," kaka akasema. "Niambie iko wapi."