Kipandio cha Mama

Mdogo wangu alipouza gari dogo akanunua pikapu ya milango minne, sote tulimpongeza. Ana duka la jumla Kisenyi, anauza mchele na maharage, na alikuwa amechoka kukodi magari ya watu. Mimi mwenyewe nilipika pilau siku ile. Hakuna aliyekumbuka kwamba gari dogo ndilo lililokuwa likimpeleka mama yetu Bukoto kila Alhamisi.

Mama anafundisha darsa ya wanawake huko Bukoto tangu mimi sijaolewa. Anawasomesha Kurani mmoja mmoja, anairudia herufi moja hadi itoke panapotakiwa. Goti lake la kulia halikunjiki vizuri. Bodaboda hapandi, takisi za abiria hawezi kuzigombania, na gari la kukodi lenye dereva asiyemjua hataki hata kulisikia. Sasa akaletewa pikapu ambayo sakafu yake iko juu ya goti hilo bovu.

Alhamisi ya kwanza mdogo wangu alimwekea kreti la soda, mama akapanda. Walipofika Bukoto ikagundulika kreti limesahauliwa nyumbani. Mdogo wangu akakimbilia baa ya jirani, akarudi na kreti la bia. Mwalimu wa dini, na buibui lake, akashukia juu ya kreti la bia mbele ya wanafunzi wake. Niliposimuliwa nilishikwa na hasira hata nikashindwa kula.

"Tia kipandio," nikamwambia mdogo wangu. "Kile kibao cha pembeni, chini ya mlango."

Hapo ndipo nilipojua kwamba wanaume wana elimu kubwa ya vipandio. Alinieleza kwamba kinashika matope, na matope yanaleta kutu na kuchafua nguo. Kinagonga kwenye matuta. Wapakiaji wanakidandia gari likienda, na likiegeshwa wapita njia wanakikalia. Tena kinaifanya pikapu ionekane ya mzee. Nami nikampa yangu: anayefunga turubai juu ya magunia atasimama wapi? Na bodaboda zinazojipenyeza kwenye foleni, si heri zikwaruze kipandio kuliko mlango? Jambo moja tu nilimkubalia, kwamba kipandio chenye matope huchafua pindo la nguo. Mengine yote yalikuwa maneno ya mtu mwenye magoti mazima.

"Na mama?" nikamwuliza.

"Dada, mama nitamsaidia kupanda."

Kumsaidia maana yake ni kumshika kwapani na kumnyanyua barabarani, mwanamke mtu mzima, watu wakitazama. Alimnyanyua hivyo Alhamisi moja. Njia nzima mama alikuwa akilinyoosha buibui lake.

Wiki iliyofuata mdogo wangu alikuja akitabasamu. Amenisikiliza, alisema, ametia vipandio. Nikatoka kutazama, nikakuta bomba la duara linalong'aa kila upande, jembamba kama mpini wa jembe. Vijana wa Wandegeya wangelipenda sana. Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Na Alhamisi ile maji yalikuja kweli, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mama alikanyaga bomba, kandambili ikateleza, muundi wake ukachubuliwa na chuma kuanzia chini ya goti hadi karibu na kifundo. Hakulia. Alirudi ndani akavua buibui, akaomba maji ya kuosha damu.

Alhamisi tatu hakwenda. Ya tatu wanawake wa Bukoto walipiga simu kwa heshima zote, wakauliza kama watafute mwalimu mwingine, kwa kuwa darsa imesimama. Mama akawajibu watafute. Kisha nilimsikia chumbani akisoma peke yake kwa ile sauti yake ya kufundishia, anatua pale ambapo mwanafunzi hukosea, anarudia, anaendelea. Nilisimama ukumbini nikilia, na nilikuwa na hasira na kila mtu nyumbani, mimi nikiwa wa kwanza, kwa ile pilau.

Nikachukua uzi. Nikamsimamisha mama barazani na kumwambia aunyanyue mguu mbovu kadiri awezavyo bila kushika kitu. Nikapima kutoka chini hadi wayo, nikafunga fundo. Halafu nikaenda dukani Kisenyi, nikauchukua ufunguo wa pikapu mezani bila kuomba, nikaiendesha hadi gereji.

Fundi wa kuchomelea aliutazama uzi wangu, akaniita bibi kwa Kiganda.

"Nyabo, kipimo tunatoa kwa gari. Hii uzi ni ya nini?"

"Ni ya mguu wa mama yangu."

"Itakuwa chini sana. Balabala ya hapa mbaya, itagonga."

"Igonge."

Akaunyoosha uzi kando ya mlango. "Mama anavaa viatu gani?"

Tangu pikapu ifike kwetu, huyu alikuwa mwanamume wa kwanza kuuliza habari za mama. Nikamwambia ni kandambili. Akaling'oa lile bomba, akachagua bati nene lenye vinundu, pana kiasi cha kutosha wayo mzima, akalitoboa matundu ili matope yadondoke. Aliliteremsha mpaka likalingana na fundo la uzi. Kisha akapanda na kushuka mwenyewe mara kadhaa, polepole, kama mtu mwenye goti bovu.

Mdogo wangu alipoona kazi ile alishika kichwa.

"Dada, umeniharibia gari. Limekuwa kama bata."

"Basi liendeshe kama bata."

Mama mwenyewe akawapigia simu wanawake wa Bukoto, akawauliza kama wamekwisha pata mtu. Walikuwa bado. Alhamisi akatoka na buibui lake. Akakanyaga kwa mguu wa kushoto, akauvuta wa kulia ukafuata, akaketi na kufunga mlango mwenyewe. Mimi nilikaa kiti cha nyuma. Kila tuta bati liligusa chini, na kila likigusa mdogo wangu alifyonya. Mama alikuwa anatazama dirishani.

Wanafunzi wake walikuwa wametoka hadi getini kumpokea. Mdogo wangu alipowaona aliruka chini, akazunguka mbio, akaufungua mlango wa mama na kunyoosha mikono yote miwili, uso umejaa tabasamu la mwana mwema. Wanawake wakaanza kumwombea dua. Mama aliitazama ile mikono.

"Sogea, baba," akamwambia. "Nataka kushuka."