Nilinunua Sabufa ya Kumkomoa Jirani

Nimekosa, ndugu zangu, na nimekosa kwa makusudi. Sikudanganywa na mwenye duka wala na shetani. Sabufa ile niliichagua mwenyewe, kwa akili zangu za chuo kikuu, na niliichagua kwa hasira!

Naishi Geita, mtaa unaopakana na mgodi. Mgodi ukilipua baruti, vikombe vinagongana kabatini. Nyumba yangu imeshikana ukuta na ya Baba Kulwa, mwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu nyuma ya mtaa.

Mimi nina ugonjwa wa spika. Wenzangu walinunua viwanja, mimi nikaagiza spika mbili ndefu za mbao, safi kiasi kwamba unamsikia mwimbaji akivuta pumzi. Zilipungukiwa besi tu.

Siku ya komunio ya binti yangu niliziwasha kwa maringo. Baba Kulwa, sahani ya pilau yangu mkononi, akapaza sauti: "Mwalimu, spika za bei ya zizi zima mbona zinalia kama mbu? Zipeni uji, jamani!"

Wageni wakacheka. Mke wangu, mama wa watoto wangu, akacheka mpaka akashika ukuta!

Mbu! Neno hilo nililala nalo, nikaamka nalo.

Nikaenda Mwanza kutafuta sabufa. Nilijua ninachotakiwa kununua, maana nilikuwa nimesoma hadi macho yakauma. Spika nzuri katika sebule ndogo zinataka sabufa ndogo, ya boksi lililozibwa, inayopiga na kunyamaza upesi, inayoanzia pale spika zinapoishia, hata usijue besi inatoka wapi. Dukani ilikuwepo. Nikaisikiliza na spika zinazofanana na zangu. Ilikuwa nzuri mno!

Kisha nikamwuliza muuzaji, "Ipi inapenya ukuta?"

"Wa bloku au wa tofali za kuchoma?"

"Za kuchoma."

Akanionyesha dude lenye tundu la kuingia kichwa cha mtoto. "Ila hii ni ya ukumbi, mzee. Sebuleni itazimeza spika zako."

"Nifungie hiyohiyo."

Karasha lilisaga mchana na usiku. Zamu ya usiku Baba Kulwa aliisimamia mwenyewe, mchana akilala. Basi mchana nikitoka kazini naligeuzia dude ukutani kwake, nalifungulia. Muziki ulikuwa uchafu! Mwimbaji alizama, ngoma ikawa mngurumo, spika zangu za thamani zikawa mabubu. Sikujali. Nilikaa kwenye kochi natabasamu.

Akaja mlangoni na shuka kiunoni. "Mwalimu, ukuta unatetemeka! Nihurumie."

"Mbu huyo, Baba Kulwa. Kalale."

Utamu ulioje!

Wakati huo mtaa wetu ulikuwa umeuomba mgodi utengeneze nyumba zilizopasuliwa na baruti. Ambacho sikukijua ni kwamba wataalamu walikuja nikiwa kazini, wakatega kipimo cha mtikisiko chumbani kwa Baba Kulwa. Mkutanoni wakatuambia: kipimo kimeonyesha mtikisiko mkubwa mchana, saa ambazo mgodi haukulipua kitu.

"Ni muziki wa Mwalimu!" Baba Kulwa akaruka.

"Muziki upasue nyumba?" mama mmoja akamzomea. "Si karasha lako hilo!"

Mwenyekiti akanigeukia. "Mwalimu, wewe msomi. Inawezekana?"

Nikasimama, nikaweka miwani sawa, nikatoa mhadhara: spika za nyumbani, chumba kidogo, mawimbi ya sauti. Kisayansi haiwezekani. Wakanipigia makofi! Baba Kulwa alitafuta uso mmoja wa kumwamini, akaukosa, nami nikafurahi. Nakiri, nikafurahi sana!

Karasha likafukuzwa. Baba Kulwa akahamia machimbo ya Mwakitolyo na watoto wake. Mgodi nao ukajibu kwamba nyufa tumezisababisha wenyewe, hautengenezi nyumba hata moja.

Hata ya Mayu Kabula, mjane wa nyumba ya tatu. Chumba chake kilipasuliwa na baruti kweli, kabla sijanunua chochote. Mvua zilipokuja, ukuta ukaanguka. Kwa bahati nzuri, mwenyewe alikuwa kisimani.

Sasa analala sebuleni kwetu. Asubuhi namwamkia kama mama yangu, "Shikamoo, mayu." Ananiitikia, halafu ananishukuru kwa Kisukuma, kama mwanawe: "Wabeja, ng'wanone. Bila wewe yule mwenye karasha angetumaliza."

Mke wangu hutazama pembeni. Siku hizi hacheki.

Ndugu yangu unayetafuta sabufa, ukifika dukani ukajikuta unamfikiria jirani kuliko wimbo, rudi nyumbani! Na ukishakosea, sema palepale, watu wakiwa bado wamekaa. Mimi nimewaambia ninyi msionijua. Mayu Kabula sijamwambia. Naogopa atahama kwa uchungu, na hana pa kuhamia.