Kipande Kimoja Ndani ya Mwanga

Kazini walimwita Bi Tone, kwa sababu ya tone la maji alilodondosha kila siku juu ya kipande kidogo cha chuma cheusi. Walimtania kwamba hata chai yake huipima kabla ya kuinywa. Alicheka nao, maana kazi yake aliipenda kupita kiasi.

Kiwanda kilitengeneza nyonga bandia. Chuma kilivikwa utando mwembamba wa kaboni, kisha kikaingizwa kwenye chumba cha plazma, yaani gesi iliyopigwa umeme hadi ikawaka zambarau. Mwanga ule ndio ulioufanya mfupa uukubali utando. Baada ya hapo nyonga hazikuguswa tena. Kilichopimwa ni kipande cha majaribio kilichowekwa pamoja nazo. Tone likitandazika, mzigo mzima umepita. Likisimama kama shanga, mzigo unarudi.

Mwendeshaji wa chumba hicho alikuwa dada yake wa tumbo moja. Ndiye aliyemtafutia kazi, na Bi Tone alimwamini mia kwa mia. Hata shangazi yao, aliyewalea wote wawili, alipowekewa nyonga ya kiwanda hicho, Bi Tone alilala usingizi wa pono.

Lakini Shangazi hakupona. Miezi ilipita, paja likiuma, mguu ukikosa nguvu.

"Mfupa umekataa," alilalamika.

"Haujakataa! Wewe ndiye mvivu wa mazoezi," Bi Tone alimjia juu, tena mbele ya wageni. Maskini mama wa watu, akainamisha kichwa.

Asubuhi moja Bi Tone aliishiwa vipande vya kupima, akaenda kuvifuata mwenyewe. Alichungulia kwenye kioo cha chumba cha plazma. Mwanga ulikuwa unawaka, na ndani, juu ya sahani kubwa, kulikuwa na kipande cha majaribio peke yake. Nyonga zilikuwa nje, zimepangwa kwenye trei, tayari kufungwa.

"Dada, hizi mbona ziko nje?"

Dada alishtuka, kisha akajikaza. "Pampu imechoka. Nikijaza nyonga zote humo, mwanga unazimika. Nikisema, kazi itasimama na meneja atanimeza mzima."

"Tangu lini?"

Dada akajifuta mikono isiyo na uchafu.

"Kabla ya Shangazi?"

"Utando ni uleule, mdogo wangu. Wengine wanapona tu."

"Nimekuuliza, kabla ya Shangazi?"

"Ndiyo."

Dada mtu, jamani! Kaziba vizuri mdomo wake, kisha kamfanya mdogo wake awe mwongo bila kujua, kila siku, kwa tone lake mwenyewe. Bi Tone alizima mtambo, akamwita meneja, akasema yote dada yake akisikia.

Alipofika nyumbani alimkuta Shangazi amesimama, kashika ukingo wa meza, jasho likimtiririka.

"Usinigombeze, mwanangu, leo nimejitahidi. Jana dada yako naye kanikanya. Kasema nikiendekeza uvivu nitabaki kilema."

Bi Tone alimshika, akamketisha taratibu. "Hukuwa mvivu, Shangazi. Hata siku moja. Nisamehe." Akamweleza habari ya chumba, ya pampu na ya kile kipande.

Shangazi alisikiliza hadi mwisho, mkono wake juu ya paja.

"Na jana, aliponisema vile," akauliza, "alikuwa anajua?"

"Alikuwa anajua."