Mkono wa Kulia wa Mama

Mama alipopata kiharusi, kitu cha kwanza alichokataa ni kijiko. Alikuwa ametoka hospitali Shinyanga mjini, mkono wa kulia umelala mapajani kama si wake. Wifi yangu, mke wa kaka, akamletea uji na kijiko akakiweka upande wa kushoto. Mama akageukia ukutani. Kwetu huku karibu na Songwa mkono wa kushoto hauingii kwenye chakula, na asiyeweza kutumia wa kulia anaona aibu kukaa sahani moja na wenzake. Basi akawa analishwa chumbani, mchana na wifi, jioni na mimi, macho kayafumba. Nilijua anachotaka. Alitaka kurudi jikoni, kwenye sahani ya wanawake, amege ugali wake mwenyewe.

"Mayu, si utumie huo wa kushoto! Nani atakucheka?" nilimfokea siku moja. Mimi hasira zangu ziko karibu, hilo halijifichi.

"Nitajicheka mwenyewe," akasema. Ulimi, nashukuru Mungu, ulikuwa umebaki vilevile.

Nafundisha baiolojia sekondari moja pale Maganzo, na kila nikifika kwenye ubongo wanafunzi wanakoma. Siwezi kunyamaza, jamani! Seli ya neva inatoa mkono mrefu, mwembamba, unatambaa katikati ya majirani wasiohesabika ukimtafuta mwenzake. Ukimgusa, kazi ndiyo kwanza inaanza. Kwenye ngozi ya kila seli zimesimama protini za kushikamana. Ya huku inaishika ya kule, katikati panabaki mwanya mdogo ambao hadubini yetu ya shule haiuoni kabisa. Zikishikana sawasawa, kila upande unaita vifaa vyake: huku vifuko vya kemikali ya kupeleka ujumbe, kule vipokezi vya kuupokea. Hiyo ndiyo sinapsi. Zisiposhikana, ule mkono unajirudisha na kujaribu kwingine. Na zikishikana lakini ujumbe usipite, muungano unaweza kulegea ukaachiwa. Nani aliziambia zitambuane? Nimesoma, nimefundisha, na mpaka leo nikilifikiria mwili unanisisimka.

Ajabu ni kwamba hayo yote niliyaacha ubaoni. Nyumbani nilikuwa binti wa Kisukuma kama wengine.

Tulipompeleka kliniki, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja mpole, aliuliza mkono ule unafanya kazi gani nyumbani. Wifi akajibu kwa fahari kabisa: haufanyi kitu, hatumwachii hata kujifunga kanga. Na kweli, hiyo kwetu ndiyo heshima. Jirani akimkuta mama mgonjwa anachambua choroko, utasemwa mpaka Mhunze.

Yule dada akatutazama kwa huruma. Akasema seli zilizokufa hazirudi, ila zilizo jirani zinaweza kutoa matawi mapya na kutafuta wa kushikana nao, na zinafanya hivyo mkono unapohangaika. Sisi tulikuwa tumezinyima kazi. Akaongeza kwamba wagonjwa wengine hufungwa ule mkono ulio mzima, ili huu mgonjwa ulazimike.

Mama akacheka. "Huu wangu wa kushoto hauna haja ya kufungwa. Kwenye chakula haujawahi kuingia."

Kumbe kile kiburi nilichokifokea kilikuwa nusu ya dawa!

Tukaanza na michembe, maana vile vipande vya viazi vikavu ni vikubwa kushika. Avitoe bakuli hili avitie lile. Vilidondoka, akavitukana kwa Kisukuma kitamu ambacho siwezi kukiandika hapa. Tukaja kwenye dengu, kisha choroko. Majirani walisema, na walisema haswa: eti tumemgeuza mzee wa watu kijakazi. Mara nyingi nilitoka nje nikashike nguzo ya zizi, kwa sababu mikono ilikuwa inaniwasha nimsaidie. Nikirudi, namkuta amekunja uso, jasho linamtoka, anaisaka punje moja ya choroko. Nilimpenda mama yangu siku zile kuliko wakati wowote. Nilikuwa nikitazama kidole gumba kinavyotetemeka kuelekea cha shahada, nawaza kwamba mle kichwani, sasa hivi, kuna kitu kinanyoosha mkono kinamtafuta mwenzake. Sikuweza kukiona. Nilimwona yeye tu, hakati tamaa.

Mvua za kwanza ziliponyesha, mchana mmoja wa Jumapili, wifi alikuwa amepakua ugali na mlenda. Mama akaingia jikoni anaburuta mguu, hajaitwa na mtu.

"Sogea, umenibana," akaniambia, akaketi.

Akanawa. Akapeleka mkono wa kulia kwenye sahani. Tonge la kwanza lilivunjika likaanguka kwenye kanga yake, na hakuna aliyenyanyua hata kidole, ingawa wifi alikuwa ameuma midomo. Akamega la pili. Akalifinyanga polepole, akalitia shimo kwa kidole gumba, akachota mlenda, akala. Nikasahau kutafuna.

Miezi yote tuliyomlisha, mama hakuwahi kulalamikia chakula hata mara moja. Alimeza chochote tulichomtia mdomoni.

Akameza lile tonge, akamkazia wifi macho.

"Mlenda hauna chumvi," akasema.

Wifi akaikimbilia chumvi huku analia.