Nilimwambia Asiifute

Ndoa ya Leonidasi ilidumu usiku mmoja tu. Aliyeiua ni mimi, Pasikali, na wala sikushika panga.

Nina duka la dawa hapa Kasulu. Leonidasi, mkulima wa maharage wa Nyakitonto, nilisoma naye shule ya msingi. Siku mbili kabla ya harusi yake aliingia dukani, akasubiri wateja watoke.

"Kaka Pasi, nisitiri. Mie nawahi kumaliza. Hata dakika haifiki."

Moyoni nikacheka. Bibi harusi alikuwa Aline wa Kitahana, kule Kibondo. Nilimzimikia miaka miwili, akanitosa bila hata kunizungusha.

Nikamtolea krimu ya ganzi. Dawa yenyewe inasaidia wengi: unapaka kidogo, unasubiri kama robo saa, unaifuta vizuri ndipo unamsogelea mkeo. Karatasi ya ndani ya boksi inaeleza yote.

Ile karatasi niliichomoa, nikaitupia kwenye droo.

"Paka ya kutosha," nikamwambia. "Halafu usiifute. Ukiifuta umeharibu."

"Mungu akubariki, kaka."

Kwao Aline wana desturi: asubuhi baada ya harusi, shangazi anaingia chumbani kumuuliza bibi harusi mambo yamekwendaje. Nilikuwa uani kwa Leonidasi nakula kiporo cha pilau, Shangazi Ndayiragije akatoka mbio.

"Mtoto wetu karogwa! Mwili umekufa ganzi, hasikii kitu! Na huyo mume naye ni gogo tu!"

Leonidasi akasimama mlangoni, jasho linamtoka. Akisema ni dawa, anajianika mbele ya wakwe. Akanitazama mimi, nimwokoe.

Nikaongeza nyama.

Aline alirudishwa Kitahana saa hiyohiyo. Leonidasi akabaki na jina la uchawi. Akipita, kina mama wanaita watoto ndani. Mwishowe aliacha shamba akahama, na mama yake hajui aliko mpaka leo.

Mwaka uliofuata, hakuna mwingine aliyethubutu kumposa Aline, nikamuoa mimi. Nilijiona mjanja, aisee!

Akawa ananisaidia dukani. Mwezi uliopita, akisafisha droo, akaikuta karatasi. Nikamwona anafuata mstari mmoja kwa kidole, anaurudia: dawa isipofutwa, mwenza naye hupata ganzi.

"Pasi, hii ni ya boksi gani?"

"Ya zamani hiyo. Tupa."

Hakutupa. Kesho yake ndugu zake walijaa dukani, shangazi mbele, nusu ya soko inachungulia.

"Ganzi imemrudia mtoto! Kumbe mchawi ni wewe!"

Nikamgeukia Aline. Hakuwa na ganzi yoyote, nilijua, na yeye alijua. Akanisogelea sikioni, karatasi imekunjwa kiganjani.

"Asubuhi ile Leonidasi alikuwa anakutazama wewe. Haya, waambie ilikuwa dawa. Waambie na aliyemfundisha kuitumia."

Nikisema ni dawa, najianika mwenyewe. Nikageuka kupanga maboksi ya rafuni.

Wakaondoka na Aline. Siku hizi duka halina mteja, na nikipita, kina mama wanaita watoto ndani.

Ndugu yangu, kuwahi hakuui. Nenda hospitali, soma karatasi, paka kidogo, subiri, futa. Ila kabla ya yote hayo, mwangalie vizuri anayekuuzia. Anayemtamani mkeo atakuhudumia huku anatabasamu.